Kichwa cha Pende

Tangu tumzike Mama mwezi uliopita, wageni hawaishi kuingia hapa kwangu Kabuta, na kila mmoja akishakaa, akishapewa maji, ananiuliza: alikufa na nini? Nawajibu: mutima. Ndivyo tunavyouita moyo sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa, na hata Wabemba wa hapa wanalielewa neno hilo bila kufasiriwa. Basi wanatikisa vichwa, wanasema ni huzuni, ni yule kijana wake, mama wa watu hakupona tena toka siku alipoambiwa. Hapo ndipo nakasirika. Nanyamaza kwa sababu mwenye msiba hagombezi wageni, lakini nakasirika. Moyo wa Mama uliharibika kabla kijana wake hajafa, nami nilikuwepo, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake nikiangalia mashini. Na siku alipoambiwa si siku aliyojua. Hilo la pili mimi mwenyewe nimelijua juzijuzi tu, na ndilo linalonifanya niandike.

Mwaka ule wa mashini ndio tulivuka ziwa. Nilikuwa msichana wa kumaliza shule ambaye shule yenyewe ilifungwa kabla hajamaliza. Sitaeleza tulikimbia nini, walioyaeleza ni wengi. Nitaeleza hema letu la kambi ya Kenani: turubai jeupe lililokuwa linapata joto mchana mpaka mafuta ya kupikia yanakuwa kama maji, mkeka mmoja, sufuria mbili, na sahani za plastiki za kugawiwa. Tulikaa humo wanne: Mama, mimi, kaka yangu mkubwa Ilunga, na Tantine Mado, mdogo wake Mama, mwanamke wa kicheko kikubwa ambaye angeweza kuchekesha foleni nzima ya maji. Ilunga hakukaa wiki nyingi bila kazi. Alipata kinga ya kukodi, baiskeli yaani, akawa anashuka Kabuta kuchukua samaki na kuwapeleka bara, vijiji visivyoona ziwa. Akirudi alileta pende, samaki mpana wa hapa, na mchana ule hema lilikuwa na sherehe. Sasa, kichwa cha samaki kilikuwa cha Ilunga. Hakuna aliyekumbuka sheria hiyo ilianza lini. Alikifyonza kichwa mpaka mifupa inabaki myeupe, huku Tantine Mado akimwambia, "We mutoto, utameza na macho yako mwenyewe!" Na akiwa safarini, Mama alikitoa kichwa kwenye sufuria, akakiweka kando, akakifunika na sahani. "Hiyo ya Ilunga." Hata kama angerudi kesho kutwa. Mara nyingine kilioza palepale chini ya sahani, tukakitupa, na samaki wa mara nyingine Mama akafanya vilevile. Mimi nilinung'unika, maana nami nilipenda kichwa. Mama aliniambia, "Mutu akiwa kwa njia, unamuwekea. Ukiacha kumuwekea, ni kusema haumungojee tena."

Mvua zilipoanza Mama alishikwa na homa, kisha tumbo. Alivumilia kwa ujinga wa akina mama wote, mpaka asubuhi moja tumbo likawa gumu kama ubao na hakuweza hata kugeuka. Gari la kambi lilitupeleka hospitali, wakampasua siku hiyohiyo. Utumbo ulikuwa umetoboka. Walimtoa huko wakamlaza kwenye chumba cha mahututi, chumba kidogo cha vitanda vichache, chenye madirisha yaliyopakwa rangi nusu ili walio nje wasichungulie. Kila mgonjwa aliruhusiwa garde-malade mmoja, ndugu wa kukaa naye, kumpangusa, kumgeuza, kwenda mbio kuita. Wa Mama nilikuwa mimi. Kule ng'ambo garde-malade analala chini ya kitanda, anapika uani, anajua habari za wodi nzima. Humu ndani nilivishwa gauni la kijani la kufungwa mgongoni, nikaambiwa nikae na nisiguse kamba yoyote. Kando ya kichwa cha Mama palikuwa na mashini yenye mstari unaokimbia na namba zinazobadilika. Siku za kwanza sikuiangalia sana. Nilimwangalia Mama, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu na hakuruhusiwa kunywa.

Halafu mchana mmoja mashini ikaanza kulia. Mama alifungua macho akaweka mkono kifuani, akasema, "Ngoie, kuko kitu inarukaruka humu ndani." Nikaita. Wakaja wawili, Dokta, kijana mwembamba aliyeongea Kiingereza na Kibemba, na Sista Mwila, muuguzi mkuu wa chumba kile, ambaye Kiswahili chake chote alikipata sokoni kwa kununua vitenge kwa mama zetu wafanyabiashara. Dokta aliuliza, Sista akanigeuzia: mbele ya ugonjwa huu, mutima wake ulikuwa na shida? Nilikaribia kucheka. Nikasema, "Hata siku moja, ba Sista. Mama yangu alikuwaga anapanda mulima na mufuko ya mihogo kwa kichwa, na anaimba." Wakamwekea vibandiko vya kifuani, wakapima, Dokta akaangalia karatasi iliyotoka, akazungumza kirefu. Sista alisikiliza, akafikiri, kisha akanieleza kwa maneno aliyokuwa nayo. "Mutima ya Mama sasa haina bei moja. Inapanda, inashuka, inapanda, kila mutu anasema bei yake." Mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko yale. Kidogokidogo, kadiri Kibemba changu kilivyokua, nikaelewa yaliyobaki: kwamba uchafu ulioingia kwenye damu kutoka tumboni, homa, maji na chumvi zilizopotea mwilini, vyote vilikuwa vinaukaba moyo ambao zamani ulikuwa mzima, kwamba vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga, kwamba inawapata wengi wanaofikia chumba kama kile, na kwa wengi moyo unatulia ugonjwa wenyewe ukiondoka, lakini kwa wengine unarudi baadaye. Wakaongeza dripu, wakaongeza dawa ya kuutuliza. "Na asishituke," Sista akasema akitoka. "Muache apumuzike." Maneno hayo madogo, ambayo muuguzi anamwambia kila mtu, nitakueleza yalivyokuja kututawala.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mvuvi wa Kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani kwetu, aliyeletwa kwa boti akiwa hajitambui. Garde-malade wake alikuwa mkewe, bibi mfupi aliyeniletea muhogo wa kuchemsha siku yangu ya kwanza bila kuniuliza mimi ni nani. Siku hali ya mumewe ilipozidi alianza kulia. Alilia kama tunavyolia sisi sote wa ziwa hili, kwa kuita, kwa kueleza, kwa kumuuliza mgonjwa anamwachia nani. Mashini zote tatu zikalia naye. Sista Mwila alimshika mabega, taratibu kabisa, akamwongoza nje hadi barazani, akafunga mlango. Aliporudi alitutazama sisi tuliobaki. "Humu hapana kulia. Mutu akilia, anatoka. Mimi nasikia huruma, lakini kuko mitima ingine humu." Mzee yule alifariki mchana uleule, mkewe akiwa barazani. Sista mwenyewe alimpeleka baadaye kwenye chumba cha pembeni walikomlaza maiti, akamkalisha, akamwachia amlilie sasa kwa uhuru, maana huko hapakuwa na mgonjwa wa kusumbuliwa. Nakumbuka Mama alikuwa macho. Alitazama kila kitu, kichwa kikiwa kimelala upande mmoja wa mto. Alinishika kidole cha mkono, akakaa nacho.

Ilunga alikufa katika siku zilizofuata. Alikuwa anatoka Kabuta alfajiri, tenga la samaki nyuma, ukungu umeshika barabara, na lori lililokuwa linakuja halikumwona. Hakuna zaidi ya hapo. Tantine Mado alikuja hospitali akaniita barazani. Nilimwona amefunga kitambaa kichwani vibaya, upande, yeye ambaye hakutoka nje bila kujitazama, nikajua kabla hajafungua mdomo. Nyuma yake alisimama Mujomba, kaka yao mkubwa, mtu wa kanisa na wa amri. Wakanieleza. Nilipofungua kinywa Mujomba alikiziba kwa kiganja chake. Kweli, kwa kiganja. "Mama yako asijue. Mugonjwa haambiwe kilio. Na mutima ile, Sista alisema nini? Asishituke! Ukimuambia, ni wewe utakuwa umemuua." Hiyo ndiyo desturi yetu, nimeikuta na sitaki kujifanya nimeivumbulia ubaya mimi: mtu akiwa kitandani, kifo cha wake kinamsubiri nje mpaka apone. Anaamkiwa kwa uso mkunjufu. Kisha, akishasimama, wazee wanamkalisha chini na kumwambia. Sijawahi kumuuliza Dokta kama habari ile kweli ingeweza kumuua. Hakuna aliyeuliza. Tulichukua maneno mawili ya Sista, tukayafunga pamoja na desturi yetu, tukapata kufuli.

Tulimzika asubuhi. Niliruhusiwa kwenda nikiwa nimembwagia Tantine mwingine wa kambini zamu ya kitanda, na niliambiwa nisinyolewe nywele kama wengine, Mama angeona. Nilisimama kaburini nikiwa nimeuma ncha ya kitenge. Kabla sijarudi Tantine Mado alinivua kile cheusi akanifunga cha kwake cha njano chenye majogoo, kile cha harusi, akanipaka mafuta usoni, akaniambia, "Cheka kidogo nione." Nilimtolea meno. Akageuka akaenda kulia nyuma ya miti. Kwenye bomba la hospitali niliosha miguu kwa sababu udongo mwekundu wa makaburi ulikuwa umeshika mpaka vifundoni, na udongo ule hauko popote njia ya kutoka kambini. Kisha nikaingia, nikafunga gauni langu la kijani juu ya majogoo. Mama akatabasamu. "Eh, leo umevaa vizuri! Kuko sikukuu gani?" Nikasema nimechoka kuonekana mkimbizi. Akacheka, akajishika kidonda kwa maumivu ya kucheka.

Toka hapo kila siku aliuliza habari za Ilunga. "Yaya yako eko wapi?" Ameenda bara, Mama, kazi iko mingi. "Anakula?" Anakula. "Mumuambie asikimbize ile kinga, anapenda kukimbiza." Nitamwambia, Mama. Na kila nilipojibu macho yangu yalikwenda kwenye mashini. Nilikuwa na hakika itanisema. Mstari ulikuwa unakimbia ovyo, mara mbili karibu, moja mbali, nne pamoja, na mimi nilisoma humo kila uongo wangu. Tantine alikuja kumwamkia akamwita "Mama Ilunga", kama watu wote walivyomwita tangu alipomzaa, na jina lilimkwama katikati, akakohoa, akasema vumbi. Sikuwa na mahali pa kulilia. Ndani marufuku, barazani Mama angesikia, kambini waliokuwa wanalia walikuwa na mkeka wao na nyimbo zao, na mimi nilifika kwa ajili ya kuoga na kuondoka. Nilimchukia Mujomba mwaka ule, nisiseme uongo. Nilimchukia hata Ilunga, kwa kufa akaniachia kazi ya kumfanya awe hai kila asubuhi.

Tumbo la Mama lilipoanza kufanya kazi Dokta alimruhusu uji, kisha mchuzi. Tantine Mado alifurahi mno. Alipata pende mkubwa, akamchemsha kwa nyanya na chumvi kidogo kama tulivyoagizwa, akaleta kwenye kopo la maziwa lililofungwa na kitambaa. Nilimwinua Mama kwa mito, nikafungua, nikamimina kwenye bakuli. Kichwa kilitoka pamoja na mchuzi, kizima, kikakaa katikati ya bakuli na jicho lake jeupe. Tantine alimchagulia kwa upendo, watu wanasema kichwa ndicho chenye nguvu ya mgonjwa, na kule hemani hakukuwa tena na mtu wa kukidai. Mimi nilikiona kama chakula. Naapa, nilikiona kama chakula tu. Nilichovya kijiko nikangoja afungue mdomo. Mama alikitazama kile kichwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Tantine yako ndiye alipika?" Ndiyo, Mama. "Na hii ndiyo alinitumia mimi." Ndiyo, upate nguvu. Alisema, "Bien. Ni sawa." Akafungua mdomo. Alikunywa mchuzi wote. Kisha akaniambia nimpe na kichwa, akakishika mwenyewe kwa vidole, akakila polepole, shavu, ubongo, jicho, akafyonza mifupa mpaka ikawa myeupe. Sista Mwila alipita akapiga makofi. "Leo bei iko muzuri!" Niliitazama mashini kwa mazoea. Ilikuwa ileile, ovyo kama jana, si zaidi wala si pungufu.

Baada ya siku ile Mama hakuuliza tena Ilunga yuko wapi. Nilishukuru. Nilidhani ni dawa, zinasahaulisha, nikamshukuru Mungu kwa dawa zinazosahaulisha. Aliniomba vitu vidogo, nimsuke, nimkatie kucha, nikisogeze kigoda karibu zaidi. Nikisimama kwenda chooni alisema, "Rudi mbio." Homa ilikwisha, kidonda kikakauka, na asubuhi moja nilifika nikakuta mstari wa mashini unatembea hatua kwa hatua, sawasawa, kama mtu mwenye haja zake. Sista alinikumbatia. Dokta alieleza vidonge, akarudia kwamba siku yoyote unaweza kurudi na tusichelewe. Tukamhamishia wodi ya kawaida, kisha nyumbani, yaani hemani.

Wazee walimpa muda wa kula vizuri. Halafu wakamkalisha mkekani, wanawake wawili kila upande wa kumshika, maji kwenye kikombe, Mujomba mbele na Biblia. Akamwambia. Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akajitupa, akalia siku hiyo na zilizofuata mpaka sauti ikamwisha, na alichouliza ni kimoja tu, "Mulimuzika wapi?" Mujomba aliwaambia watu wote jinsi tulivyomwokoa. Mimi nililia naye, hatimaye, na nilikuwa na furaha ya ajabu ya kulia, naona haya kuiandika lakini ilikuwa furaha.

Miaka imepita. Tulihamishwa kutoka kambini tukapewa mashamba ya kulima, mimi nikashuka Kabuta kununua na kuuza samaki, Mama akanifuata. Mutima ulimrudia mwaka huu, kama Dokta alivyosema. Vidonge havikuushika tena, miguu ikajaa maji, akarudi hapa chumbani kwangu akisema hospitali amekwisha kuiona. Wiki moja kabla hajaondoka nilimpikia pende. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona Mama akila kichwa. Nilidhani ni kwa sababu ya Ilunga, sikuuliza. Siku hiyo nilimuuliza kwa utani, "Mama, kichwa tunamuachia nani? Kula leo." Akasema, "Mi nilikulaga moja. Inatosha." Lini? "Kule hospitali. Ile ya Mado." Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikakaa chini.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ilunga angekuwa kwa njia, Mado angemuwekea. Kichwa yake inaweza kuja kwangu namna gani, isipokuwa hakuna tena mutu wa kungojea?"

"Na ukakula! Ukakula yote! Juu ya nini haukusema, Mama? Mi nilikuwa nakufa pale, kila siku nakudanganya."

Alinitazama kwa uvumilivu, kama anaeleza mtoto. "Ningesema, ungelia. Na ukilia, Sista anakutoa inje. Uliona ule bibi wa Kilwa? Nilikuwa nimebaki na wewe peke yako, Ngoie. Nilisema, acha nikule, asijue kama najua. Nitalia wakati tutakuwa nyumbani, sisi wote."

Kwa hiyo siku zote zile tulikaa kwenye chumba kimoja, mimi nimebana kilio changu kwa ajili ya moyo wake, yeye amebana chake kwa ajili ya kigoda changu. Na mashini ile niliyoiogopa haikuona lolote.

Mwezi uliopita tulimzika kando ya Ilunga. Walimwita Mama Ilunga mpaka mwisho, hata mchungaji. Nililia kwa kuita, kwa kueleza, kwa kumuuliza ananiachia nani, mpaka watu walionishika wakachoka mikono, na hakuna aliyenitoa nje.